Ulinganisho wa utendaji na gharama za mifumo ya kompyuta

Ulinganisho wa utendaji na gharama za mifumo ya kompyuta ni kazi ya kupima mifumo miwili au zaidi inayoshindana sokoni ili kujua ni upi unaofanya kazi nyingi zaidi kwa fedha ileile. Kazi hiyo hufanywa na kampuni zinazouza kompyuta na programu, na wanunuzi wakubwa kama benki, kampuni za simu, vyuo vikuu na serikali, na pia na mashirika yaliyoundwa kwa ajili hiyo tu. Matokeo kwa kawaida huandikwa kama uwiano, kwa mfano dola ngapi kwa kila muamala unaokamilika katika dakika moja.

Kwa maneno jambo hili ni jepesi: pima mwendo, uliza bei, kisha gawanya. Kwa vitendo limezaa ugomvi kwa miongo kadhaa, kwa sababu mara nyingi anayepima ndiye anayeuza. Mnunuzi akidanganyika hupata mfumo unaoonekana wa kasi kwenye karatasi lakini unaokwama siku ya mshahara, wakati wateja wote wanapotaka fedha zao kwa saa ileile.

Kupima mwendo wa prosesa

Njia ya kwanza iliyokuja akilini mwa watu ilikuwa kuhesabu amri ambazo prosesa inatekeleza kila sekunde. Kipimo hicho huitwa MIPS, yaani milioni za amri kwa sekunde. Udhaifu wake ni kwamba amri za prosesa tofauti hazina uzito sawa. Amri moja ya prosesa fulani inaweza kufanya kazi ambayo prosesa nyingine inaigawa katika amri tatu au nne, kwa hiyo yenye MIPS nyingi inaweza kumaliza kazi ikiwa ya mwisho.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kompyuta ya VAX-11/780, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1977. Ilizoeleka kuitwa mashine ya MIPS moja, na kampuni nyingine zikaanza kutangaza mashine zao kwa kuzilinganisha nayo. Watafiti walipoichunguza kwa makini katika miaka ya 1980 walikuta kwamba inatekeleza takriban nusu milioni tu ya amri kwa sekunde. Jina lilikuwa limekwisha kuenea, na VAX ikaendelea kuwa "MIPS moja" kwa kawaida tu, kama vile pishi linavyobaki pishi hata kama vibaba vya kila soko havilingani.

Mwendo wa saa ya prosesa, unaotajwa kwa megahezi au gigahezi, una kasoro ya aina hiyohiyo. Unaonyesha mapigo mangapi yanapita katika sekunde moja bila kueleza kazi gani inafanyika ndani ya kila pigo.

Programu za kipimo

Badala ya kuhesabu amri, wataalamu walianza kuandika programu fupi zenye kazi maalumu na kupima muda unaotumika kuzimaliza. Programu ya Whetstone ilitokana na kazi ya Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza na ilichapishwa mwaka 1976. Ilipima hasa hesabu za namba zenye desimali. Jina lake ni la kijiji cha Whetstone katika Leicestershire. Mwaka 1984 Reinhold Weicker alitunga programu ya kupima kazi za namba kamili na maneno, akaiita Dhrystone kwa kucheza na jina la ile ya kwanza.

Programu hizo zilikuwa ndogo mno. Waandishi wa kompaila, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine, walijifunza kuzitambua tabia zake. Kompaila hodari inaweza kugundua kwamba matokeo ya hesabu fulani hayatumiki popote, ikaiondoa hesabu yenyewe. Hapo mashine hupata alama za juu kwa kazi ambayo haikuifanya.

Mwaka 1988 kampuni kadhaa za kompyuta ziliunda shirika la SPEC, lililoamua kutumia programu halisi badala ya zile za kubuni. Mkusanyo wake wa kwanza, SPEC89, ulikuwa na programu kumi. Hata hivyo moja kati ya hizo, matrix300, ilifanya hesabu za majedwali ya namba kwa mtindo ambao kompaila mpya ziliweza kuupanga upya, na alama za baadhi ya mashine zikaruka mara nyingi bila ya prosesa kubadilika hata kidogo. Programu hiyo haikurudi katika mkusanyo wa SPEC92. Tangu hapo mikusanyo ya SPEC imekuwa ikibadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kipimo kinachokaa sana huzoeleka, na kikizoeleka huacha kupima.

Kwa kompyuta kubwa za kisayansi hutumika LINPACK, ambayo hutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Ndiyo msingi wa orodha ya TOP500 inayotolewa mara mbili kwa mwaka tangu 1993. Orodha hiyo haitaji bei.

Suala la wastani

Mifumo inapopimwa kwa programu zaidi ya moja, hutokea swali la namna ya kupata namba moja ya jumla. Hapa hesabu inaweza kumpotosha hata mtu mwaminifu.

Tuseme mashine A inamaliza programu ya kwanza kwa sekunde 10 na ya pili kwa sekunde 40. Mashine B inamaliza kila moja kwa sekunde 20. Ukiifanya A kuwa kigezo, B inatumia muda mara 2 kwa programu ya kwanza na mara 0.5 kwa ya pili. Wastani ni 1.25, kwa hiyo B inaonekana ya polepole kwa asilimia 25. Ukiifanya B kuwa kigezo, A inatumia mara 0.5 na mara 2. Wastani tena ni 1.25, na sasa A ndiyo ya polepole. Kila muuzaji anaweza kuchagua kigezo kinachompendeza na wote wawili wakawa wamesema "kweli".

SPEC inatumia wastani wa kijiometri, ambao katika mfano huu unatoa 1 kwa pande zote mbili, yaani mashine hizo ni sawa. Wastani huo haubadiliki kwa kubadilisha kigezo. Lakini mtu anayeendesha programu zote mbili mara moja kila siku atasubiri sekunde 50 kwa A na sekunde 40 kwa B, na kwake yeye B ni bora. Hakuna wastani unaofaa wanunuzi wote. Jumla ya muda kwa kazi ambazo mtu anazo kweli ndiyo namba ya kuaminika kuliko nyingine, na ndiyo ambayo matangazo hayawezi kumpa.

Muamala wa benki wa mwaka 1985

Ulinganisho unaojumuisha bei ulipata umbo lake la sasa katika mifumo ya miamala, yaani mifumo inayopokea maombi mengi madogo kwa wakati mmoja na kuyaandika katika hifadhidata. Tarehe 1 Aprili 1985 jarida la Marekani la Datamation lilichapisha makala yenye jina "A Measure of Transaction Processing Power". Aliyeiongoza ni Jim Gray, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tandem na ambaye baadaye, mwaka 1998, alipewa Tuzo ya Turing. Makala haikutiwa saini kwa jina lake bali kwa neno la "asiyejulikana na wenzake", ili yaonekane kuwa maoni ya kundi la wataalamu wa kampuni na vyuo mbalimbali, si ya kampuni moja.

Kipimo kikuu katika makala hiyo kiliitwa DebitCredit. Kilibuni benki yenye matawi 1,000, makarani wa dirishani 10,000 na akaunti 10,000,000. Mteja anaweka au kutoa fedha. Mfumo unabadilisha salio la akaunti yake, salio la karani na salio la tawi, kisha unaandika kumbukumbu ya tukio hilo. Asilimia 95 ya miamala ilitakiwa kujibiwa ndani ya sekunde moja. Sharti hilo la muda lilikuwa muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mfumo wowote unaweza kuonyesha wingi mkubwa wa kazi ukiruhusiwa kuwasubirisha watu bila kikomo.

Jambo jipya zaidi lilikuwa bei. Makala ilipendekeza kuhesabu gharama za vifaa, programu na matengenezo kwa miaka mitano, kisha kugawanya kwa idadi ya miamala kwa sekunde. Kompyuta kubwa ya mamilioni ya dola na mashine ndogo ya ofisini ziliweza sasa kuwekwa katika mizani moja.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuufahamu muamala huu kwa urahisi, kwani fedha za simu zinafanana nao. Katika huduma kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, kutuma fedha ni kupunguza salio moja, kuongeza salio jingine na kuandika kumbukumbu, yote yakikamilika pamoja au yasifanyike kabisa.

Baraza la TPC

Kampuni zilikipokea kipimo hicho kwa furaha na kukitumia kila moja kwa namna yake. Nyingine ziliondoa mtandao na teminali na kupima hifadhidata peke yake. Toleo hilo jepesi likaitwa TP1. Nyingine zilibadilisha idadi ya akaunti. Matangazo yakajaa miamala kwa sekunde ambayo haikuwa ya aina moja. Mwaka 1987 Tandem iliajiri mkaguzi wa nje kuthibitisha matokeo ya mfumo wake wa NonStop SQL, na jambo hilo likaonyesha njia ya kutoka.

Mchambuzi Omri Serlin alizishawishi kampuni nane kukaa pamoja, na mwezi Agosti 1988 likaundwa baraza liitwalo Transaction Processing Performance Council, kwa kifupi TPC. Kipimo chake cha kwanza, TPC-A, kilitolewa Novemba 1989. Kilikuwa DebitCredit iliyoandikwa upya kwa sheria kali: vipimo lazima vitaje bei ya mfumo mzima pamoja na teminali, na asilimia 90 ya miamala ijibiwe ndani ya sekunde mbili. TPC-B, iliyofuata mwaka 1990, haikuwa na teminali. Kwa sababu hiyo gharama kwa kila muamala ilionekana ndogo zaidi katika TPC-B, na kuzilinganisha namba za vipimo hivyo viwili ni kosa.

Baraza lilitaka pia ripoti kamili ichapishwe kwa kila matokeo, ikiorodhesha kila kifaa na bei yake, ili mshindani aweze kuisoma na kupinga. Baadaye ukaguzi wa mtaalamu aliyeidhinishwa ukawa wa lazima. Mkaguzi haangalii mwendo tu. Hujaribu kama mfumo unalinda data: diski hutolewa au umeme hukatwa wakati kazi ikiendelea, kisha hukaguliwa kama kuna muamala uliokubaliwa ukapotea. Mfumo unaoruka hatua hiyo ungekuwa wa kasi sana, lakini hakuna benki ambayo ingeutaka.

Mwezi Aprili 1993 kampuni ya ushauri ya Standish Group iliilaumu Oracle kwamba imeongeza katika hifadhidata yake aina ya pekee ya muamala kwa lengo tu la kukuza matokeo ya TPC-A. Oracle ilikataa shutuma hizo na kusema imefuata maandishi ya sheria. Na ni kweli kwamba sheria za wakati huo hazikukataza. Mwezi Septemba mwaka huohuo baraza liliongeza kifungu kinachopiga marufuku vipengele vilivyotengenezwa kwa ajili ya kipimo pekee na visivyomfaa mteja wa kawaida. TPC-A na TPC-B ziliondolewa mwaka 1995.

TPC-C

Kipimo kilichodumu zaidi ni TPC-C, kilichoidhinishwa mwaka 1992. Badala ya benki kuna kampuni ya kubuni inayouza bidhaa kwa jumla. Kila ghala linahudumia wilaya 10, kila wilaya ina wateja 3,000, na orodha ya bidhaa ina vitu 100,000. Miamala ni ya aina tano: oda mpya, malipo, kuulizia oda, kusafirisha mzigo na kuangalia akiba ya ghala. Kinachohesabiwa ni oda mpya kwa dakika, ambazo huandikwa tpmC, ingawa mfumo unalazimika kufanya na kazi nyingine zote wakati huohuo. Kando ya tpmC huandikwa bei kwa kila tpmC, na sheria za baraza haziruhusu kutangaza namba ya kwanza na kuificha ya pili.

Ili kuzuia watu wasipime kwa hifadhidata ndogo inayotosha katika kumbukumbu, sheria inaweka kikomo cha tpmC 12.86 kwa kila ghala. Anayetaka namba kubwa lazima aongeze maghala, na kwa hiyo diski. Matokeo ya tpmC milioni moja yanahitaji maghala yasiyopungua 77,000, yenye wateja zaidi ya bilioni mbili. Desemba 2010 Oracle ilitangaza tpmC 30,249,688 kwa dola 1.01 kila moja. Kwa hesabu hiyo kampuni ya kubuni ilikuwa na wateja zaidi ya bilioni 70, yaani mara kadhaa ya watu wote duniani. Mwezi Mei 2020 hifadhidata ya OceanBase ya China ilifika tpmC 707,351,007. Namba hizo ni za kweli na zimekaguliwa, ila hazifanani tena na duka lolote.

Sheria za matangazo nazo zimewahi kuvunjwa. Mwaka 2009 TPC iliitoza Oracle faini ya dola 10,000 kwa tangazo la gazetini lililodai kuishinda IBM kabla ya matokeo yenyewe kuwasilishwa.

Gharama inahesabiwaje

Katika uwiano wa bei na utendaji, namba ya chini ni rahisi kuipata kuliko ya juu. Bei iliyoandikwa katika orodha si bei inayolipwa. Wanunuzi wakubwa hupata punguzo, na ukubwa wa punguzo hilo ni siri ya biashara. TPC inakubali punguzo ikiwa mnunuzi yeyote anayenunua kiasi hicho angelipata. Muda wa matengenezo unaohesabiwa ulikuwa miaka mitano, baadaye ukapunguzwa kuwa mitatu, kwa kuwa mashine zilikuwa zikichakaa kibiashara kabla ya miaka mitano kwisha.

Mambo kadhaa hubaki nje ya hesabu: mishahara ya wasimamizi, mafunzo, jengo, jenereta na gharama ya kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani. Katika nchi ambazo umeme hukatika, au ambako vipuri huagizwa kutoka nje na kutozwa ushuru, vitu hivi vinaweza kuzidi tofauti yote ya bei iliyomo katika ripoti.

Uwiano wenyewe huficha jambo jingine. Tuseme mfumo K unatoa tpmC 200,000 kwa dola 400,000, na mfumo M unatoa tpmC 50,000 kwa dola 75,000. K una dola 2 kwa tpmC na M una dola 1.50. Mwenye haja ya tpmC 40,000 atachukua M bila wasiwasi. Mwenye haja ya 150,000 hawezi kusema atanunua M tatu na kuzipata, kwa sababu mashine tatu zinazoshirikiana hutumia sehemu ya nguvu zao kuwasiliana, na leseni za programu huongezeka kwa kila prosesa. Naye mwenye haja ya 10,000 hununua uwezo atakaouacha bure kwa mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Zamani iliaminika kwamba mashine kubwa daima ni nafuu kwa kila kazi. Herb Grosch alieleza katika miaka ya 1950 kwamba utendaji hupanda kwa mraba wa bei: lipa mara mbili, pata mara nne. Utafiti wa Kenneth Knight katika miaka ya 1960 uliunga mkono kanuni hiyo kwa kompyuta za wakati huo, na kwa muda mrefu ilikuwa hoja ya kujenga vituo vikubwa vya pamoja. Prosesa ndogo za bei rahisi ziliivunja, na ripoti za TPC za miaka ya 1990 zilionyesha mara kwa mara kwamba mashine zenye dola chache zaidi kwa muamala hazikuwa zile kubwa.

Nani anaruhusiwa kuchapisha

Mwaka 1983 David DeWitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha vipimo vya hifadhidata kadhaa wakizitaja kwa majina. Oracle haikufanya vizuri na haikufurahi. Baadaye kampuni hiyo, na wauzaji wengine wakaifuata, waliweka katika leseni sharti kwamba mtumiaji asichapishe matokeo ya vipimo bila ruhusa ya muuzaji. Sharti hilo huitwa kwa jina la DeWitt hadi leo. Athari yake ni kwamba tafiti nyingi za vyuo vikuu huandika "mfumo X" na "mfumo Y", na mwanafunzi anayezisoma hawezi kujua ni bidhaa gani iliyoshindwa.

Kukodi badala ya kununua

Huduma za wingu zimebadilisha upande wa gharama. Mteja hanunui mashine bali hulipa kwa saa, kwa kiasi cha data au kwa kila swali analouliza, na bei hutofautiana kwa eneo na kwa muda wa mkataba. Kipimo kilichochukua dakika tano kinaweza kutozwa saa nzima. Novemba 2021 kampuni ya Databricks ilitangaza matokeo ya TPC-DS, kipimo cha hifadhidata za uchambuzi, kwa data ya terabaiti 100. Matokeo hayo yalikaguliwa, lakini ulinganisho iliouweka pembeni dhidi ya Snowflake haukuwa wa baraza. Snowflake ikapima upya kwa njia yake na kutoa namba tofauti, na mzozo ukahusu hasa daraja la huduma lililotumika kukokotoa bei.

Umeme nao umeingia katika mizani. Orodha ya Green500, iliyoanza mwaka 2007, inapanga kompyuta kubwa kwa hesabu zinazofanyika kwa kila wati, na TPC ina kanuni za hiari zinazomruhusu mwenye mfumo kutangaza wati zilizotumika kando ya bei.